Shajara ya mradi: vumbi baridi katika galaksi zisizoonyesha kitu

Januari, shule zinafunguliwa

Swali la mradi ni hili: galaksi duaradufu ya kawaida ina vumbi kiasi gani? Uzito uko kwenye hilo neno kawaida. Galaksi kama NGC 5128, ile ya kundinyota la Kantarusi yenye mkanda mweusi uliokatiza tumboni, kila mtu anajua ina vumbi. Picha yenyewe inasema. Ninazozitaka mimi ni zile laini zisizo na alama yoyote, ambazo kwenye mpangilio wa galaksi alioutoa mwanaastronomia Edwin Hubble mwaka 1926, ambao baadaye ulichorwa kama uma, zimekaa kwenye mpini wa uma huo, pamoja na jirani zake za umbo la lenzi, zile za S0, ambazo Hubble alizitaja mwaka 1936 kama daraja la kufikirika kati ya duaradufu na zenye mikono.

Kwa miaka mingi zilihesabiwa kuwa galaksi kavu: nyota zimezeeka, gesi baridi imekwisha, hakuna kinachozaliwa. Setilaiti ya IRAS ya mwaka 1983 ilianza kuitibua hadithi hiyo, kwa kuwa baadhi yake zilionekana ziking'aa kwenye mawimbi ya infraredi ya mikromita 60 na 100. Hata hivyo IRAS ililiona zaidi vumbi lenye joto kuliko hili ninalolitafuta. Kitu chenye kelvini 20, yaani nyuzi 253 chini ya sifuri, hutoa mwanga wake mwingi kwenye mikromita 145 hivi, na mkia wake hufika mamia ya mikromita. Huko ndiko Herschel ilikotazama. Ni darubini ya Shirika la Anga la Ulaya, yenye kioo cha mita 3.5, iliyorushwa Mei 2009 na kumaliza kazi Aprili 2013, heliamu ya kupoza vyombo vyake ilipokwisha. Kamera yake ya SPIRE ilipiga picha kwenye mikromita 250, 350 na 500, na picha zote ziko wazi kwa yeyote. Mtu wa Moshi mwenye kompyuta mpakato na bando anazipata zilezile wanazotumia waliosimamia utengenezaji wa kamera hiyo kule Cardiff.

Tuko wawili. Mimi ni mwalimu wa fizikia wa sekondari; mwenzangu ni binti, mwanafunzi wangu wa zamani, sasa yuko chuo mwaka wa pili, na lugha ya kompyuta ya Python anaiandika kuliko mimi. Tumekubaliana kwamba msimbo ni wa kwake na maswali ya kuudhi ni ya kwangu.

Mwishoni mwa Januari

Sampuli imepatikana bila mabishano. Tunatumia Herschel Reference Survey, mradi wa galaksi 323 zilizo kati ya megaparseki 15 na 25 kutoka kwetu, takriban miaka nuru milioni 49 hadi 82. Ndani yake kuna 62 za aina tunayoitaka: duaradufu 23 na za lenzi 39. Uzuri wake ni kwamba zilichaguliwa kwa umbali na kwa mng'ao wa nyota zake kwenye infraredi ya karibu, wala hakuna aliyeuliza kwanza kama zina vumbi. Ukiokota galaksi kwa sababu zilishaonekana na IRAS, jibu umeshalipanga kabla ya kupima.

Kasoro ipo. Kwa duaradufu na za lenzi, kiwango cha mng'ao cha kuingia kilikuwa cha juu kuliko kwa zile zenye mikono, kwa hiyo ndogondogo zimeachwa nje. Chochote tutakachosema kitahusu galaksi kubwa.

Faili zinashushwa kwa bando la usiku. Asubuhi kazi ni kuhesabu zipi zimefika nzima.

Februari

Kupima kumeanza, na hapa ndipo shajara itakapokuwa ndefu, kwa sababu hapa ndipo kila kitu kinaamuliwa.

Doa la SPIRE, yaani eneo dogo kabisa ambalo darubini inaweza kulitenga, lina upana wa sekunde za tao 18 (sekunde ya tao ni sehemu moja ya 3,600 ya nyuzi moja) kwenye mikromita 250, 25 kwenye 350, na 36 kwenye 500. Kwa umbali wa kundi la galaksi la Virgo, hizo 36 ni kama miaka nuru 9,400. Diski nzima ya vumbi iliyo katikati ya duaradufu inaweza kuingia ndani ya doa moja na nafasi ikabaki. Kwa hiyo tusitarajie mikanda wala maumbo. Tunapima nukta, na swali ni kama nukta ipo.

Njia yetu ni ya kawaida. Tunachora duara juu ya galaksi, tunajumlisha mwanga uliomo, tunachora pete nje ya duara, tunakadiria mandhari ya nyuma na kuitoa. Taabu iko kwenye hiyo mandhari. Upande wa Virgo umetandwa na mawingu membamba ya vumbi la galaksi yetu wenyewe, ambalo nalo ni baridi na linang'aa kwenye mawimbi hayahaya. Nyuma yake kuna maelfu ya galaksi za mbali sana, hafifu mno kutengwa mojamoja, zinazofanya anga lote lichemke kidogo kwenye picha. Kelele hii ya msongamano ilipimwa na timu ya Herschel kwa milijanski, kipimo cha mng'ao hafifu: milijanski 5.8 kwa kila doa kwenye mikromita 250, 6.3 kwenye 350, 6.8 kwenye 500. Huwezi kuipunguza kwa kutazama muda mrefu zaidi. Ukitazama siku nzima, galaksi za nyuma zitakuwa palepale.

Jioni moja binti akanigeuzia kompyuta. "Mwalimu, hii imetoka hasi. Niandike sifuri?"

Hapana, na wala usiifute. Hasi maana yake ni kwamba pete imeokota mwanga kidogo zaidi ya duara, jambo la kawaida kabisa ukipima karibu na kiwango cha kelele. Ukigeuza hasi zote kuwa sifuri na chanya ukaziacha, umeusogeza wastani juu kimyakimya. Tumekubaliana kila galaksi ibaki kwenye jedwali na namba yake jinsi ilivyotoka, na kelele yake pembeni. Zile ambazo hazijafika mara tano ya kelele zinapewa kikomo cha juu. Nilimwambia aikumbuke mizani ya magunia pale sokoni Kiboriloni: ukiweka juu yake fungu la pilipili, mshale hausogei, lakini huwezi kusema pilipili haina uzito. Unachoweza kusema kwa haki ni kwamba uzito wake haufiki ule mdogo kabisa ambao mizani ile inauona.

Februari, siku chache baadaye

M87, duaradufu kubwa ya kundi la Virgo, imeondolewa kwenye hesabu ya vumbi. Inang'aa vizuri kwenye SPIRE, tena kwenye mikromita 500 kuliko 250, na hilo peke yake linatosha kutia shaka: vumbi la kelvini 20 hushuka kwa kasi kutoka 250 kwenda 500, halipandi. Mwanga huo ni wa sinkrotroni, wa elektroni zinazozunguka kwenye sumaku ya mkondo unaotoka kwenye shimo jeusi, lilelile ambalo picha yake ilitolewa Aprili 2019. Ukichora mng'ao wake kutoka mawimbi ya redio hadi infraredi unapata mstari unaoshuka taratibu, na watu wa Herschel waliandika mwaka 2010 kwamba mstari huo unatosha bila kuongeza vumbi.

M84, galaksi nyingine ya Virgo, ni ngumu zaidi. Inatoa mawimbi makali ya redio na ina mikanda ya vumbi inayoonekana kwa mwanga wa kawaida, kwa hiyo vyote viwili vimo kwenye nukta moja. Nayo tumeiweka kando.

Machi

Kutoka mwanga kwenda tungamo la vumbi. Kanuni ni fupi: mng'ao mara umbali mara umbali, gawanya kwa uwezo wa vumbi kutoa mwanga, gawanya tena kwa kanuni ya Planck, inayosema kitu cha jotoridi fulani hutoa mwanga kiasi gani, kwa jotoridi husika. Uwezo wa vumbi tunauchukua kama wengine wengi wanavyofanya, mita za mraba 0.192 kwa kilo kwenye mikromita 350, ukipanda kwa mraba kadiri urefu wa wimbi unavyopungua. Namba hiyo ina utata wake, lakini ukitumia ileile kwa galaksi zote, ulinganisho unabaki halali.

Kinachoninyima raha ni jotoridi. Galaksi iliyoonekana kwenye mawimbi yote unaweza kuipimia. Wastani uliochapishwa kwa sampuli hii ni kelvini 23.9, joto kidogo kuliko vumbi la galaksi zenye mikono zilizo Virgo. Jambo lenyewe lina mantiki, kwa kuwa nyota kwenye duaradufu zimebanana katikati na miali yao ni mikali. Lakini galaksi isiyoonekana haina jotoridi. Inabidi uikopeshe.

Tuone uzito wa mkopo huo. Chukua galaksi iliyo megaparseki 17 kutoka hapa, kikomo chake kiwe milijanski 30 kwenye mikromita 250, ambazo ni kama mara tano ya kelele ya msongamano. Ukiikopesha kelvini 24, vumbi lake halizidi tungamo la Jua mara 43,000. Kwa kelvini 20 kikomo kinapanda hadi 73,000. Kwa kelvini 15 kinafika karibu laki 2. Picha ni ileile na kelele ni ileile, na jibu limepanda zaidi ya mara nne kwa sababu ya namba tuliyoikopesha wenyewe. Tukipima kwenye mikromita 500 athari hupungua: kutoka kelvini 30 kwenda 20, tungamo huongezeka mara 2 tu badala ya mara 2.9 za mikromita 250. Shida ni kwamba huko kwenye 500 vumbi lenyewe limeshafifia na doa limetanuka.

Uamuzi: tunachapa safu tatu za vikomo, kwa kelvini 15, 20 na 24, na anayesoma jedwali ataona mwenyewe. Binti anaona ni kujaza karatasi. Mimi naona kikomo kisicho na jotoridi lake ni namba isiyo na kipimo.

Machi, wiki ya mwisho

Sasa jedwali lina safu mbili za watu wasiolingana. Kuna galaksi zenye tungamo, na kuna galaksi zenye "chini ya". Wastani wake unaupataje?

Njia nyepesi ni kuziacha zile za "chini ya" na kuhesabu zilizoonekana. Madhara yake yameshachapishwa kwa sampuli hiihii. Mwaka 2012 timu ya mradi ilionyesha kwamba vumbi liligunduliwa kwenye asilimia 62 ya galaksi za lenzi na asilimia 24 tu ya duaradufu. Kwa zilizogunduliwa peke yake, wastani, kwa hesabu ya logi, ni kama tungamo la Jua mara milioni 1.3. Ukizijumuisha zisizoonekana, unashuka hadi laki 4. Uwiano wa vumbi kwa nyota unashuka zaidi: kutoka 1 kwa 20,000 hadi kama 1 kwa 126,000. Yaani mtu anayeripoti zilizoonekana tu anaongeza vumbi la ulimwengu mara tatu au mara sita bila kugusa darubini.

Mji wenye hospitali ya rufaa ya KCMC hauna uhaba wa watu wa takwimu za tiba. Nilimpelekea jedwali dada mmoja tunayesali naye, ambaye kazi yake ni data za utafiti wa wagonjwa. Hakuuliza duaradufu ni nini. Alitazama safu ya "chini ya" akasema, "Mwalimu, hawa ni wagonjwa wangu, umewageuza kichwa chini tu."

Alichomaanisha ni hiki. Kwenye utafiti wa tiba, unamfuatilia mgonjwa, utafiti unaisha akiwa hai. Hujui ataishi miaka mingapi, unajua ameishi angalau minne. Huwezi kumfuta, kwa maana ukiwafuta waliobaki hai utasema ugonjwa unaua haraka kuliko ukweli. Kaplan na Meier walitoa njia ya kuwahesabu watu hao mwaka 1958: kila kinapotokea kifo, unauliza ni wangapi bado walikuwa chini ya uangalizi wakati huo, na uwezekano wa kuishi unauzidisha hatua kwa hatua. Aliyetoka mapema amechangia hadi pale alipotoka. Kwetu "angalau" imekuwa "isiyozidi", basi unachukua logi ya tungamo, unaizidisha kwa hasi moja, na mashine ileile inafanya kazi. Wanaastronomia waliihamishia kwao kwa makini tangu mwaka 1985, kupitia kazi ya Feigelson na Nelson. Dada aliiendesha kwa programu ya R aliyokwisha kuiandika kwa ajili ya kazi yake, akiwa bado anakunywa chai.

Kisha akatoa sharti ambalo nalirudia hapa lote kwa sababu linatugusa. Mgonjwa kutoka kwenye utafiti kusihusiane na hali yake ya ugonjwa. Anayehamia Dodoma kikazi, sawa. Anayeacha kuja kwa sababu amezidiwa, hapana. Huyo anaharibu hesabu. Kwa galaksi, sharti linakuwa: kina cha kikomo kisihusiane na vumbi lenyewe. Umbali ndio unaotofautisha vikomo vyetu kwa sehemu kubwa, na umbali hauna habari na vumbi. Tumepita, ingawa si kwa alama zote.

Matokeo ya jioni hiyo ndiyo matokeo ninayoyathamini kuliko yote hadi sasa. Kwa galaksi za lenzi, mchoro unashuka vizuri, unavuka nusu, na mediani, yaani thamani ya katikati, inasomeka. Kwa duaradufu mchoro unakatika njiani. Zilizoonekana hazifiki hata robo, na vikomo vingi viko chini ya zile chache zilizoonekana, kwa hiyo nusu ya sampuli iko mahali ambapo mchoro haujafika. Mediani haipo. Wastani unaweza kulazimisha, ila utategemea namna unavyokitendea kikomo cha chini kabisa, yaani unakuwa umepima kanuni yako na siyo galaksi.

Nimeandika kwenye jedwali, mbele ya duaradufu: mediani haijulikani, iko chini ya kiwango hiki. Binti alitaka tuweke namba. Nimekataa.

Aprili

Mvua. Hakuna kilichofanyika zaidi ya kusafisha msimbo.

Usiku mmoja anga lilifunguka kwa saa moja. Mlima uko kaskazini yetu na haukingi upande huu. Kusini kuko wazi juu ya mashamba ya miwa ya TPC, na NGC 5128 hupanda hadi nyuzi 50 hivi kutoka upeo. Kwa darubini ya macho mawili ni ukungu mdogo wa duara, mkanda hauonekani. Iko miaka nuru milioni 12 hivi, karibu kuliko zote tunazozishughulikia. Mawingu yakarudi.

Mei

Nimesoma kuhusu asili ya vumbi, maana bila hiyo vikomo havina kazi.

Duaradufu kubwa zimejaa gesi ya moto, mamilioni ya kelvini, inayong'aa kwa eksirei. Ndani ya gesi hiyo punje ya vumbi ya mikromita 0.1 hugongwa na ioni na kumong'olewa hadi kuisha kwa miaka milioni 10 hadi 100 hivi, kufuatana na wingi wa gesi. Kwa galaksi yenye umri wa miaka bilioni 10, huo ni muda mfupi mno. Vumbi lolote unaloliona leo limeletwa juzi, au linaendelea kuletwa.

Wanaoleta ni wawili. Wa kwanza ni nyota za galaksi yenyewe: majitu mekundu yanayozeeka hupuliza tabaka zao za nje, na vumbi huganda humo. Wa pili ni wageni, galaksi ndogo zenye gesi zinazomezwa. Kama nyota ndizo zinazoleta, galaksi yenye nyota nyingi inapaswa kuwa na vumbi jingi, kwa uwiano unaotabirika. Haiko hivyo. Galaksi mbili zenye nyota sawa zinaweza kutofautiana kwa vumbi mara kumi na zaidi, na wastani wa duaradufu kwa uwiano huo uko chini ya wa lenzi kama mara kumi. Mradi wa ATLAS3D, uliochunguza galaksi 260 za aina hizi, ulikuta gesi ya molekuli kwenye asilimia 22 hivi, na katika zaidi ya theluthi ya zile zinazozunguka kwa kasi gesi ilikuwa imeelekea upande tofauti na mzunguko wa nyota. Gesi iliyotoka kwa nyota za nyumbani ingezunguka pamoja nazo. Hiyo imetoka nje.

Kwa hiyo mimi naegemea kwa wageni, angalau kwa zile zinazoonekana. Lakini hoja hiyo imejengwa juu ya galaksi zilizoonekana, na zilizoonekana kati ya duaradufu ni chini ya robo. Inawezekana kabisa kwamba zile nyingine zina vumbi dogo, tulivu, la nyota zao wenyewe, lililo chini ya vikomo vyetu vyote. Wageni wangekuwa ni hadithi ya walio wachache wenye kelele. Hilo ndilo linaloufanya mradi uendelee.

Juni, baridi

Tumeanza kulundika picha. Unachukua duaradufu zote zisizoonekana, unapanga vitovu vyake pamoja, unasawazisha kwa umbali, unatafuta wastani wa picha. Kelele isiyo na mpangilio hushuka kwa kipeuo cha pili cha idadi: kwa picha 16 inashuka mara 4, kikomo cha milijanski 30 kinakuwa 7.5, na kwa kelvini 24 tunashuka hadi tungamo la Jua mara 11,000 kwa galaksi ya wastani. Mahali hapo nyota za nyumbani zinaanza kuulizika.

Tahadhari ni mbili. Duaradufu hupenda kukaa karibu na galaksi nyingine, kwa hiyo mwanga wa jirani huingia kwenye lundo na kujifanya wa mwenyewe. Na galaksi moja yenye mwanga ulio karibu na kikomo inaweza kulibeba lundo zima, kwa hiyo tutalundika mara nyingi, kila mara tukitoa moja, na tutachukua mediani ya kila pikseli pamoja na wastani.

Kabla ya hayo yote, binti anatengeneza lundo la mahali patupu: vitovu vya kubahatisha kwenye ramani zilezile, mbali na galaksi, vilivyolundikwa kwa msimbo uleule. Lundo hilo likitoa nukta katikati, msimbo una tatizo na galaksi hazitaguswa. Ameshapiga mahesabu ya kwanza kwenye mikromita 250. Ya 350 yanaendelea usiku huu, umeme ukiruhusu.